Karibu Bila Jina

Walisema sitaweza. Naanza hapo kwa sababu bila hapo hutanielewa.

Mzee Sudi wa Mwabungo, aliyenikopesha nauli ya ndege nilipokwenda Ghuba kuwa mlinzi, alisema mbele ya watu wazima barazani kwake: "Huyu atarudi na sanduku la manukato na miguu iliyovimba kwa kusimama." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana pesa zake nilikuwa nimezishika mkononi na sikutaka abadili nia. Nikiwa huko huko Ghuba, habari zilipofika nyumbani kwamba nasomea kompyuta, Shemeji Bakari, mume wa dada yangu, mwenye duka la vipuri vya pikipiki pale Ukunda, alinitumia sauti kwenye simu: "Mlinzi wa lango na kompyuta wapi na wapi, shemeji? Au umeambiwa uilinde?" Na niliporudi nikasema natengeneza mchezo wa simu, mchezo wa watu wengi kwa pamoja, ambao mtu wa Msambweni atacheza na ndugu yake aliyeko ng'ambo, hata Shangazi Mwanamisi wa Kinango, anayenipenda kuliko watu wote, alinishika paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akauza mbuzi wake akanipa pesa. Lakini paji la uso alinishika.

Sasa sikiliza. Haya ninayokueleza yamenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Ukunda, mchana kweupe. Sikusimuliwa na mtu. Sikuota. Situmii kitu chochote cha kuvuruga akili. Nina diploma ya programu za kompyuta, niliyoisoma ndani ya kibanda cha mlinzi, simu mkono huu na funguo za lango mkono huu, na nikaipata kwa alama ambazo wenzangu waliokuwa wakisoma kwenye viyoyozi hawakuzipata. Imetundikwa ukutani, njoo uione. Mtu aliyefika hapo kwa jasho lake haamini mambo upesi. Mimi sikuamini upesi.

Jina langu sitakutajia. Utaelewa kwa nini.

Mchezo wenyewe unaitwa Kitongoji. Mchezaji hupewa kiwanja, akajenga nyumba, akalima, akavua, akapika, akatembelea majirani. Hakuna kuuana. Waliniambia mchezo usio na bunduki hautapata mtu, waulize leo. Kila kitu kimo ndani ya seva, yaani ile kompyuta moja ambayo simu zote huunganika nayo, na seva nilikuwa nimeiweka katika chumba cha nyuma cha duka la Shemeji Bakari. Chumba alinikopesha yeye, kodi nimlipe mchezo ukishaleta pesa. Kompyuta alinikopesha yeye, pamoja na maneno mengi.

Ndani ya Kitongoji milango ya nyumba hukaa imefungwa. Jirani akifika kwako, simu yako inatoa sauti: hodi. Ukitaka aingie unaandika amri. Unaweka alama ya mkwaju, kile kijistari kilichoinama, unaandika karibu, kisha unaandika jina la mgeni. Ukiandika karibu Riziki, mlango unamfungukia Riziki peke yake. Amri ile niliitunga mwenyewe, herufi kwa herufi, na nilijivunia sana. Nani mwingine aliwahi kutia hodi na karibu ndani ya mashine?

Na nilikuwa na nia moja tu, nayo haikuwa utajiri. Nilitaka niwalipe wale watatu kwa mkono wangu, kila mmoja nikimtazama usoni. Mzee Sudi hasa. Nilitaka ayafute maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe. Miaka yote ya Ghuba nilisimama langoni nikiiona siku hiyo: kanzu nitakayovaa, mahali atakapokaa, atakavyonyamaza kwanza kabla ya kusema. Mchezo ukifa, siku hiyo inakufa, na mimi narudi langoni. Ndivyo ilivyokuwa.

Aliyeniletea habari ni Riziki. Huyu ni binti anayeuza mahamri kwa mbaazi karibu na duka la shemeji, na ndiye mchezaji wangu wa mwanzo kabisa. Alikuja mikono ikiwa bado na unga, simu ameibana kwa vidole viwili.

"Kaka, kwangu kuna mgeni hana jina."

"Hana jina vipi?"

"Tazama mwenyewe."

Nilitazama. Katika Kitongoji kila mtu hutembea na jina lake juu ya kichwa. Huyu juu ya kichwa palikuwa peupe. Alikuwa amekaa barazani katika nyumba ya Riziki, mikono juu ya magoti, anatazama mlangoni.

"Labda ni mchumba," nikamwambia.

"Mchumba gani hasemi, haondoki, hanunui hata kiberiti? Huyo ni mume tayari."

Tulicheka sana. Nikamuuliza kama ni yeye aliyemfungulia.

"Nilisikia hodi, nikasema karibu."

"Karibu nani? Uliandika jina gani?"

Riziki alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Jina gani tena, kaka? Mtu akipiga hodi unamwambia karibu. Akishaingia ndiyo unamjua ni nani. Au huko Ghuba walikuwa wakiomba kitambulisho kwanza?"

Huko Ghuba ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya, kuomba kitambulisho kwanza. Lakini hapo hapo nilijua kosa liko wapi. Kabla sijaufungulia watu mchezo ule, nilikuwa nimeujaribu na Mfilipino mmoja tuliyelinda naye lango, na hakuacha kuandika jina hata mara moja, kwa sababu maelezo yalisema andika jina. Yeye hakuzaliwa huku. Watu wetu hawamuulizi mtu jina akiwa nje. Ni aibu. Mtu asimame juani umuulize "wewe nani" kama mdai? Unasema karibu kwanza, unatoa kiti, unatoa maji, na salamu zikishaisha ndipo ujue umemkaribisha nani. Basi watu wa Kitongoji, kuanzia Galu mpaka Msambweni, waliandika karibu na kuishia hapo. Neno la pili hawakuliandika. Na mashine yangu haikuwauliza.

Niliahidi kuitengeneza. Kabla sijaianza, wakaja wengine. Mwalimu mmoja wa Msambweni alikuta mgeni asiye na jina jikoni kwake. Fundi wa samani wa Kombani akamkuta amekaa juu ya kitanda. Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat, ambaye alijenga katika Kitongoji nyumba ile ile anayotamani kumjengea mama yake, alinipigia simu akilia. Huyo mgeni alikuwa nyumba hizo zote kwa wakati mmoja. Hakuiba. Hakuvunja. Samaki walioanikwa walibaki wameanikwa. Alikaa tu, mikono juu ya magoti. Na ukimwandikia neno, anajibu neno moja: hodi.

Je, mtu aliyekwisha kuingia anapiga hodi ya nini?

Watu wakaanza kuhama. Waliacha nyumba walizozijenga kwa miezi, wakaomba viwanja vipya, na mgeni akawafuata huko, kwa maana walikuwa wakisikia hodi na wao wakijibu karibu, hawawezi kujizuia. Kisha wakaacha kucheza kabisa. Shemeji Bakari alisimama mlangoni pa chumba changu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Shemeji, naambiwa seva yako imeingiwa na wenyewe."

"Ni hitilafu ya programu tu."

"Hitilafu inakaa kitandani kwa watu?" Akanywa kahawa. "Mwezi ukiisha nitaitaka kompyuta yangu. Niiuze kabla haijaanza kupandisha pepo."

Nikafungua orodha ya waliounganika na seva. Kila simu inayoingia huacha alama: imetoka wapi, imeingia saa ngapi. Nilikwenda na simu yangu mpaka barazani kwa Riziki ndani ya mchezo. Orodha ilisema mle barazani nimo mimi peke yangu. Kwenye kioo cha simu nilimwona mwenzangu amekaa mbele yangu. Nilijaribu kumtoa. Amri ya kutoa nayo inataka jina. Utamtoa nani?

Basi siku ya pili yake nikakaa na programu asubuhi nzima. Nikueleze kosa, na usiogope, ni jepesi. Ukiandika amri, programu inaikata vipande: neno la kwanza ni amri yenyewe, neno la pili ni mtu anayehusika. Mahali hapo paliposubiri neno la pili, sikuwa nimeandika la kufanya neno hilo likikosekana. Kwa hiyo programu haikusimama kuuliza. Ilichukua pale palipokuwa patupu kama jina, ikaenda kwenye daftari la wakazi kumtafuta mkazi ambaye jina lake ni hakuna. Makosa ya namna hii yako dunia nzima, hata makampuni makubwa huyafanya. Ilipaswa kurudi mikono mitupu, mlango ubaki umefungwa, yaishe.

Haikurudi mikono mitupu. Hilo ndilo lililonishinda kueleza mpaka leo. Daftari la wakazi nililipekua mstari mmoja mmoja. Hakuna mkazi asiye na jina. Niliandika amri ile mwenyewe, karibu bila kitu, kwa ajili ya kujaribu, na programu ikajibu: amepatikana.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili. Neno la pili likikosekana, usiende popote, mwambie mwenye nyumba: taja jina la mgeni wako. Niliiandika, nikaisoma tena, nikaridhika. Ilibaki kuizima seva na kuiwasha upya ili ishike mabadiliko.

Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Shemeji Bakari akaja kuniambia anakwenda msikitini, kisha atapita nyumbani kula. Alikuwa na desturi ya kuteremsha mlango wa bati wa duka na kutia kufuli kwa nje, kwa sababu ya mali. Chumba changu hakina mlango mwingine. Ukitaka kuingia lazima upite dukani.

"Nikufungie humo na majini yako?"

"Nifungie. Nikimaliza nitakuwa nimekuwekea kompyuta yako salama."

"Haya. Ukipandisha, usinivunjie taa."

Nikasikia bati likishuka na kufuli likilia. Akaenda. Jua lilikuwa limesimama utosini, barabara imenyamaza kama inavyonyamaza Ukunda saa hizo, hata pikipiki zimejificha kwenye vivuli. Feni ilikuwa ikizunguka. Wazee wetu hawapendi saa hizo. Mimi sikuwa na la kuwaza isipokuwa ile mistari miwili.

"Hodi."

"Karibu," nikajibu.

Niamini, sikuinua kichwa. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Mdomo ndio uliojibu, kama unavyojibu wako. Nilisikia mtu ameingia, nikasikia kiti cha plastiki kilichokuwa kwenye pembe kikiburutwa kidogo, nikasikia amekaa. Hapo ndipo nilipokumbuka lile kufuli.

Nikageuka. Alikuwa mwanamume. Shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kikoi kisafi, miguu mikavu isiyo na vumbi, na nje vumbi la Ukunda unalijua. Mikono juu ya magoti. Uso? Nakuapia nilimtazama, na kila nilipomtazama nilimwona vizuri kabisa, na kila nilipohamisha macho kwenda kwenye kioo uso ule ulinitoka. Ukiniambia nikuchoree siwezi. Si mzee, si kijana. Unaweza kumpita sokoni kila siku.

Salamu hakutoa. Aliniuliza tu, kwa sauti ya upole, "Umemaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Kuufunga."

Ningepiga kelele. Ningekimbia, ingawa ningekimbilia wapi? Sikufanya hata kimoja. Kitu ndani yangu kilitulia kama maji ya mtungi. Nikamuuliza, "Wewe nani?"

"Ungeniuliza kabla sijaingia."

Yeye akaendelea, taratibu, kama mtu anayeeleza njia. "Watu wa huku ni wema. Nikisema hodi, wanasema karibu. Naingia, nakaa. Tangu zamani, kabla ya hivi vitu vyako. Kuna mtu amekwambia nimevunja chochote?"

"Hapana."

"Nimechukua cha mtu?"

"Hapana."

"Basi nimekukosea nini, mpaka unataka jina?"

"Si mimi," nikamwambia. "Ni seva inayotaka." Sikiliza aibu hiyo. Mwenye diploma nzima, nasingizia mashine.

"Basi niandikie."

"Nikuandikie jina gani?"

"Lolote ulilo nalo."

Sasa nitakueleza kilichotokea, na usiniulize kwa nini, kwa sababu nimejiuliza zaidi yako. Nilipogeuka kwenye kioo, mkono wangu wa kulia ukaandika. Mtu wa kazi yangu ana jina moja analolitumia kujaribia kila kitu. Hulazimiki kufikiri, vidole vinalijua. Anaandika jina lake mwenyewe. Niliandika alama ya mkwaju, nikaandika karibu, nikaandika jina langu, jina alilonipa baba yangu na jina la baba yangu, nikabonyeza.

Programu ikajibu: amepatikana.

Alisimama nyuma yangu. Alilisoma jina langu kwa sauti, polepole, mara ya kwanza akijikwaa katikati, mara ya pili bila kujikwaa, kama mtu anayejaribu viatu dukani, anatembea hatua mbili na kurudi. Kisha akasema, "Linanienea. Nitalitunza." Feni ilizunguka. Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu.

Nikaizima seva nikaiwasha upya. Nilikuwa na kazi, nikaimaliza.

Shemeji Bakari aliporudi nilisikia kufuli likifunguliwa na bati likipanda. Akachungulia chumbani kwangu, akakunja uso.

"Mbona umenishushia maboksi?"

Juu ya kile kiti cha plastiki shemeji alikuwa ameweka maboksi ya minyororo ya pikipiki, yamepandana karibu na dari. Sasa yalikuwa sakafuni, yamepangwa kwa safu nadhifu kando ya ukuta. Boksi moja tu lile mimi huliinua kwa mikono miwili na kwa kuhema. Sikuwa nimesikia hata moja likiwekwa chini.

"Nilitaka kukaa," nikamjibu.

"Na hicho ulichokalia ni nini?"

Hapo ndipo ganzi iliponiingia. Haikuwa woga, woga ningeujua. Ilianzia kwenye vidole vya mkono wa kulia, vile vilivyoandika, ikapanda mpaka bega, na mpaka leo ipo. Nikishika chai ya moto sijui kama ni ya moto. Nimekwenda kwa daktari, nimekwenda kwa mtu wa kusoma dua. Wote wawili walisema sina kitu.

Lakini mchezo ulipona. Hilo nalisema kwa kifua mbele. Kuanzia siku ile mtu akiandika karibu tupu, seva inamjibu: taja jina la mgeni wako. Yule asiye na jina hakuonekana tena nyumba yoyote. Mwalimu wa Msambweni akarudi, fundi wa Kombani akarudi, dada wa Muscat akamaliza nyumba ya mama yake akaipaka rangi ya kijani. Walio ng'ambo wakawa wananunua viwanja vikubwa vya baharini kwa pesa za kweli. Nikahamisha seva kwenye kompyuta yangu mwenyewe, mpya. Nikanunua gari, la mitumba, lakini langu. Aliyesema sitaweza, aje tutazamane.

Kisha siku moja Riziki, akinifungia mahamri kwenye gazeti, akaniambia, "Jana ulinikalia sana, kaka. Nikasema leo hana kazi huyu."

"Nilikukalia wapi?"

"Kwangu. Kitongojini. Ulipiga hodi, nikaandika karibu na jina lako, nikakuacha barazani nikaenda kukanda unga. Narudi, bado upo."

Jana yake sikuwa nimeingia mchezoni hata dakika moja. Nilitazama orodha. Jina langu lilikuwa nyumba hii, na nyumba ile, na ile nyingine, limeketi. Na waliomfungulia wote walikuwa wameandika jina kama walivyotakiwa. Mistari yangu miwili ilikuwa ikifanya kazi barabara.

Kumzuia ni kazi ya amri moja. Lakini jina la kuzuia lilikuwa langu. Nilibadili jina ninalochezea. Halikusaidia kitu, lile la zamani liliendelea kukaa katika nyumba za watu. Nikaacha. Ukiniuliza nilihisi nini, sikuhisi kitu. Nilikunywa chai ambayo sikujua kama ni ya moto.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Pesa zilipotimia niliziweka kwenye bahasha tatu. Nilivaa ile kanzu niliyoinunua Ghuba kwa ajili ya siku hiyo na sijapata kuivaa. Nilikwenda kwanza Mwabungo, kwa Mzee Sudi. Alikuwa barazani, pamoja na watu, kama nilivyoomba miaka yote iwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu tena."

Nikatoa bahasha. Akaitazama, akanitazama.

"Hii ya nini?"

"Ile nauli, mzee. Nimekuja kulipa."

Mzee Sudi akacheka kidogo, akawageukia wenzake, akanirudia. "Si umenilipa asubuhi? Hata chai yako haijakauka kikombeni." Kisha akashusha sauti, kwa heshima, jinsi ambavyo hajawahi kuzungumza na mimi. "Na yale tuliyosemezana, mwanangu, mimi nimeyatoa moyoni. Nilikusema vibaya mbele za watu na nimekuomba radhi mbele za watu. Umenikumbatia, tumelia. Yamekwisha."

"Niambie tena," nikasema.

"Nikwambie nini?"

"Hayo maneno. Ulivyoniomba radhi."

Watu barazani wakaanza kutazamana. Mzee Sudi akaniwekea mkono begani, lile bega lenye ganzi, nami sikuusikia uzito wake. "Mtu mzima kama mimi, uniombeshe radhi mara mbili kwa siku moja? Nenda ukapumzike. Umechoka."

Ukunda, Shemeji Bakari alinionyesha pesa zake ndani ya droo. "Umelipa, umenunua na mnyororo wa pikipiki. Una pikipiki wewe?" Akacheka, akanipiga mgongoni. "Lakini leo umenifurahisha, shemeji. Umebisha hodi kwangu kama mtu wa heshima. Siku zote huwa unaingia tu."

Nikapandisha gari mpaka Kwale, nikateremka upande wa pili, Kinango, kwenye vumbi jekundu. Njiani nilikuwa nikiwaza jambo moja: shangazi hatakosea. Amenilea. Ananijua kwa kikohozi.

Kabla sijakuingiza kwa shangazi nikuonye, wewe unayenisikiliza, maana baada ya hapo sina maneno. Ukisikia hodi, uliza. Najua ni utovu wa adabu. Najua mama yako atakuonea haya. Uliza nani, usubiri jibu, umwone uso, uondoe macho, kisha ujiulize kama unaukumbuka. Na kama ni mtu wa kuandika programu kama mimi, mahali palipokosa jina usipajaze kwa jina lako, hata kwa kujaribu. Acha patupu. Afadhali patupu.

Nilisimama uani kwa Shangazi Mwanamisi nikasema hodi.

"Karibu!" akajibu kutoka ndani. Hakuuliza nani.

Sikuingia. Nilisimama juani mpaka akatoka mwenyewe, leso begani, akaziba jua kwa kiganja.

"Wewe tena? Umesahau nini?"

"Shangazi, nimekuja na pesa za mbuzi."

"Mbuzi si wale pale?" Akanyoosha mkono. Zizini walikuwepo mbuzi, wazuri, wenye afya, wanatafuna. "Nilikwambia usihangaike na pesa, ukasema unataka unirudishie kama nilivyotoa. Nimekuombea dua mpaka machozi. Ukala, ukashiba. Sijakuona ukila hivyo tangu u mdogo." Akanitazama kwa muda, akasogea, akanishika paji la uso kwa kiganja chake, kama siku ile. "Mbona baridi hivi?"

Nyuma yake, kwenye mkeka, palikuwa na sahani ya wali imeliwa ikaisha, na kikombe cha maji kimefunikwa juu yake. Bahasha zangu tatu zilikuwa mfukoni mwa kanzu, hazijafunguliwa, na hata leo ziko kwenye droo hazijafunguliwa. Siku hiyo, kuanzia Mwabungo mpaka Kinango, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenidai. Wote walikuwa wamelipwa, kwa mkono, kwa kutazamwa usoni, kwa jina langu.

Nikavua viatu, nikaingia, nikaichukua ile sahani nikaipeleka nje.

Sahani niliiosha mimi.